El Niño ya 2015 mvua ya kawaida, 2019 hakuna El Niño ila mafuriko: tutazame bahari ipi kabla ya vuli?

Shamba la Bondeni aliandika:

Wakuu, salaam. Naomba mwenye uelewa wa hali ya hewa anitoe tongotongo.

Nalima bonde la Mto Mkomazi, upande wa Korogwe. Vuli ndiyo inayonilisha: mahindi ya muda mfupi na maharage. Masika napanda mpunga kidogo.

Mwaka 2015 gumzo lilikuwa El Niño tu. Ukiwasha redio El Niño, ukienda mnadani El Niño. Tuliambiwa bahari ya huko Pasifiki imechemka, tujiandae. Nikaliacha bonde lote tupu, nikapanda kule juu kwenye changarawe. Vuli ikaja ya kawaida kabisa kwangu. Bonde likapata unyevu mzuri wa kulimia, likaota magugu mpaka kiunoni, na kule juu mahindi yakabeba vigunzi.

Sasa njoo 2019. El Niño hata haikutajwa kijiweni. Mwezi wa kumi haujaisha, mto ukapanda usiku mmoja. Asubuhi nilikuta pampu ya kumwagilia imelala ubavu, tope limejaa mpaka ndani ya kabureta, na matuta ya maharage huoni hata yalikokuwa.

Maswali yangu ni haya. Maji ya bahari iliyo maelfu ya kilomita kutoka hapa yanaamuaje mvua ya Korogwe? Na kama kweli yanaamua, mbona 2015 na 2019 mambo yalikwenda kinyume? Nauliza kwa sababu kila Agosti huwa natakiwa kuamua nipande bondeni au juu, na nimechoka kuamua kwa kusikiliza nani anapiga kelele zaidi.

---

Bi Mawingu alijibu:

Mwanangu, nimefanya kazi ya utabiri wa msimu mpaka nikastaafu, na swali lako nilikuwa naulizwa kila mwaka ukifika mwezi wa nane. Nitajibu kwa nafsi yangu, siisemei ofisi yoyote.

Jibu fupi: ulikuwa unatazama bahari ya mbali ilhali ya kwako iko hapo mlangoni. Kwa vuli ya kaskazini mwa Tanzania, Kenya na Somalia, Bahari ya Hindi ndiyo yenye neno la mwisho. Pasifiki inasikika zaidi kwa sababu dunia nzima inaizungumzia.

Tuanze na kwa nini bahari. Hewa haina kumbukumbu. Mvua iliyonyesha leo haikuambii chochote kuhusu mwezi ujao, na ndiyo maana utabiri wa siku kwa siku unachoka ukishafika wiki mbili hivi, hata uwe na kompyuta ya ukubwa gani. Bahari ni nzito. Mita 3 tu za juu za bahari zinabeba joto sawa na hewa yote iliyo juu yake mpaka angani. Kwa hiyo maji yakishapata joto au yakishapoa kuliko kawaida, hayarudi haraka. Yanakaa hivyo miezi. Mtabiri anayeona Agosti kwamba maji yamebadilika ana haki ya kusema kitu kuhusu Oktoba na Novemba. Hawezi kukuambia mvua itanyesha tarehe ngapi, lakini anaweza kukuambia msimu umeegemea upande gani.

Sasa Bahari ya Hindi yenyewe. Katika vuli ya kawaida, upepo wa juu ya ikweta katikati ya bahari huvuma kuelekea mashariki. Unayasukuma maji ya moto yakarundikane upande wa Sumatra. Huko hewa inapanda, mawingu yanajengeka, mvua inawanyeshea Waindonesia. Hewa ile ikishapanda inarudi kwa juu na kushuka upande wetu, na hewa inayoshuka inayakandamiza mawingu. Hiyo ni sababu mojawapo ya vuli yetu ya kawaida kuwa ya wastani, tofauti na nchi nyingine za ikweta.

Kuna miaka mpangilio huo unavurugika. Kuanzia Juni au Julai, upepo wa kusini-mashariki kwenye pwani ya Sumatra na Java unazidi nguvu. Maji ya juu yanasukumwa mbali na pwani, na ya baridi yanapanda kutoka chini kuziba pengo. Maji ya pale yakishapoa, mawingu yanapungua. Mawingu yakipungua, ule upepo wa ikweta unalegea au unageuka kabisa na kuvuma kuja kwetu. Ukigeuka, maji ya moto yanarundikana upande wa Afrika, na kule Sumatra baridi inazidi kupanda. Mambo yanasukumana hivyo mpaka Oktoba au Novemba. Mwishoni hewa inapanda upande wetu na kushuka kwao. Sisi tunapata mafuriko, Indonesia na Australia wanapata ukame. Hiyo ndiyo dipoli chanya ya Bahari ya Hindi. Dipoli hasi ni kinyume chake, na vuli yetu ndiyo inayokauka.

Namna ya kuipima ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Unachukua wastani wa joto la uso wa maji katika eneo la magharibi, kati ya longitudo 50 na 70 mashariki, kutoka nyuzi 10 kaskazini mwa ikweta hadi nyuzi 10 kusini. Unachukua na eneo la mashariki, longitudo 90 hadi 110, kutoka ikweta hadi nyuzi 10 kusini. Kila moja unaangalia limepanda au limeshuka kiasi gani kuliko kawaida yake ya kipindi hicho, kisha unatoa la mashariki kwenye la magharibi. Waaustralia huhesabu kuwa dipoli imeingia tofauti ikivuka nyuzi 0.4 za Selsiasi na kudumu. Nyuzi 0.4! Mkono wako hauwezi kuihisi.

Njoo kwenye miaka yako. 2015 Pasifiki ilichemka kweli, maji ya katikati yalizidi wastani kwa zaidi ya nyuzi 2. Hiyo ni moja ya El Niño kubwa zilizowahi kupimwa. Lakini Bahari ya Hindi haikuitikia kwa ukubwa huo. Dipoli ilikuwa ya wastani tu, na vuli ya maeneo mengi ikawa nzuri bila kuwa ya kutisha. 2019 Pasifiki ilikuwa imetulia, ndiyo maana redio zilinyamaza. Bahari ya Hindi ilikuwa na dipoli kubwa mno, kuna wiki za Oktoba tofauti ilivuka nyuzi 2. Mto wako ukapanda. Msimu huohuo Australia iliungua, na nzige wa jangwani walipata majani mabichi Pembe yote ya Afrika wakazaliana.

Wazee wetu wana mfano mwingine: 1961. Hakukuwa na El Niño, lakini mvua za mwisho wa mwaka ule ndizo zilizoanza kulijaza Ziwa Victoria, na kufikia 1964 lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2. Dipoli.

Na 1997 ambayo kila mtu anaikumbuka? Ile bahari zote mbili ziligonga pamoja. Hapo ndipo watu wetu walipojifunza neno El Niño, na tangu siku ile kila mvua kubwa wanaiita hivyo. Kusema kweli El Niño haiko nje ya hadithi. Mara nyingi ndiyo inayousukuma upepo wa Bahari ya Hindi ugeuke. Ila isipousukuma, huku kwenu haifiki na nguvu zake zote. Kwa hiyo ukisikia El Niño, swali la pili liwe: na Bahari ya Hindi je?

---

nahodha_wa_mashua alijibu:

Bi Mawingu shikamoo. Nimesoma yote, somo zuri. Lakini mimi naishi juu ya hayo maji na nina mashaka kidogo.

Sisi wa pwani ya Tanga tunajua maji yanapata moto kaskazi ikikolea, Februari na Machi ukizamisha mkono ni kama chai iliyopoa. Kusi ikiingia yanapoa, Julai na Agosti ukizamia bila nguo nzito unatetemeka. Sasa kama maji ya moto ndiyo yanaleta mvua, mbona Februari kukavu? Na hao wanaopima nyuzi 0.4, nani yuko huko katikati ya bahari na kipimajoto? Mimi sijawahi kukutana naye.

---

Bi Mawingu alijibu:

Marahaba nahodha. Swali la nani yuko huko nilikuwa nalisubiri, maana wakulima hawaliulizi.

Kwanza hilo la Februari. Uko sahihi, maji ya pwani yetu yanakuwa ya moto kabisa Machi na ya baridi kabisa Agosti. Hiyo ni safari yake ya kila mwaka, na mtabiri anaiondoa kabla ya kuanza kazi. Agosti inalinganishwa na Agosti nyingine, siku hizi wengi wanatumia wastani wa miaka 1991 hadi 2020. Maji ya nyuzi 26 yanaweza kuwa ya moto kupita kiasi kwa Agosti na ya baridi kupita kiasi kwa Machi. Halafu Februari ukanda mvua, yaani ule mkanda wa mawingu ya mvua wa karibu na ikweta, umeshalifuata jua kusini, na kaskazi inayotufikia inatoka bara la Asia na Uarabuni ikiwa kavu. Kwa hiyo joto la maji peke yake halinyeshi. Linahitaji upepo wa kuuleta unyevu na hewa ya kuupandisha. Ukanda mvua unatupitia mara mbili kwa mwaka, ukishuka kusini Oktoba hadi Desemba na ukirudi kaskazini Machi hadi Mei, na bahari inaamua utakuja na mzigo gani.

Pili, maji unayozamisha mkono wako siyo yanayohesabiwa. Eneo la magharibi la dipoli linaanzia longitudo 50, mbali sana na Tanga. Pwani inaweza kuwa na mambo yake: mkondo, mto uliomwaga, upepo wa jana.

Vipimajoto sasa. Zamani mabaharia waliteka maji kwa ndoo na kutumbukiza kipimajoto, kisha meli za injini zikawa zinapima maji yanayoingia kupoza mashine. Vipimo hivyo viwili havilingani, ndoo ya turubai inapoa ikipigwa na upepo na chumba cha injini kinaongeza joto, na kuna watu waliotumia maisha yao ya kazi kusahihisha tofauti hiyo tu. Leo satelaiti zinapima mionzi ya joto inayotoka kwenye uso wa maji. Mawingu huzuia aina moja ya mionzi, kwa hiyo wanatumia na ya mikrowevu inayopita kwenye mawingu isipokuwa penye mvua. Kuna maboya yaliyotiwa nanga kwenye ikweta, Pasifiki na Bahari ya Hindi pia. Na kuna vyelezo vya Argo, karibu 4,000 dunia nzima. Mfano wake ni bomba lenye urefu wa mtu mfupi na antena kichwani. Kinazama, kinaelea kimyakimya huko chini, kinashuka mpaka mita 2,000, halafu kila siku 10 kinapanda kikipima joto na chumvi njia nzima, kinatoa kichwa nje na kutuma taarifa kwa satelaiti, kinazama tena. Ukikutana nacho nahodha, kiache kiendelee na safari.

Hivyo vyelezo vina faida moja kubwa kwa utabiri. Satelaiti inaona ngozi ya bahari tu. Argo inaona kama chini ya ngozi hiyo kuna maji ya baridi yanayosogea kuja juu. Kabla dipoli haijaonekana kwenye ramani ya satelaiti, mara nyingi huwa imeshaanza kuandaliwa huko chini.

---

nahodha_wa_mashua alijibu:

Hapo kwenye Agosti kwa Agosti nimekuelewa vizuri, Bi. Na 1998 baada ya ile mvua kubwa, matumbawe yetu yaligeuka meupe kama chokaa. Wazee walisema maji yameungua. Kumbe ni mambo hayohayo?

---

Bi Mawingu alijibu:

Ni hayohayo. El Niño ya 1997 iliiacha Bahari ya Hindi ya magharibi na joto lililozidi mpaka miezi ya mwanzo ya 1998, na matumbawe hayavumilii wiki nyingi za joto la namna ile.

---

Mtu wa Kitui alijibu:

Hamjambo nyote. Huku Ukambani mvua ya Oktoba hadi Desemba ndiyo tegemeo, ile ya Machi tunapanda kwa kubahatisha. Kwa hivyo hii mada inanihusu sana.

Sisi hatujasahau ile kiangazi ya kuanzia mwisho wa 2020 mpaka 2022. Misimu mitano mfululizo mvua ilikataa Pembe ya Afrika. Mimi niliuza mbuzi wakiwa mifupa mitupu. Wakati huo watu wa hali ya anga walitaja La Niña, ile kinyume cha El Niño, maji ya Pasifiki yakipoa, kila msimu, nao walikuwa sahihi, lazima tuwape heshima yao.

Shida yangu ni asilimia. Mtu anakuja barazani na kusema uwezekano wa mvua kupita kiwango cha kawaida ni asilimia 45. Sasa mama, hiyo si ni sawa na kurusha sarafu? Mkulima atafanya nini na 45?

---

Bi Mawingu alijibu:

Ndugu yangu wa Kitui, pole kwa mbuzi. Miaka ile Pasifiki ilikuwa na La Niña tatu mfululizo, na 2022 Bahari ya Hindi nayo ikaongeza dipoli hasi kubwa. Bahari mbili zikisema kavu kwa pamoja, mtabiri anapata ujasiri wa kusema mapema. 2010 ilikuwa hivyohivyo, na 2011 njaa ikaingia Somalia.

Kuhusu asilimia, sarafu ina pande mbili. Huu mchezo una tatu. Wanachukua miaka 30 ya nyuma, wanaipanga kwa wingi wa mvua, kisha wanaigawa mafungu matatu ya miaka kumi kumi: ya mvua chini ya wastani, ya wastani, ya juu ya wastani. Usipojua chochote kuhusu bahari, kila fungu lina asilimia 33. Kwa hiyo 45 ya juu si ndogo, imepanda kutoka 33. Ukiona 45, 35, 20, nakushauri jicho lako liende kwenye ile 20. Inakuambia uwezekano wa kukauka umeshuka kutoka mmoja katika mitatu hadi mmoja katika mitano. Kwa mtu wa ndengu na mtama hiyo ni habari kubwa, unaweza kuthubutu kuongeza eka ya mahindi. Ila mmoja katika mitano bado yupo, kwa hiyo usiuze mbegu zote za mtama.

Asilimia zenyewe zinatoka wapi? Modeli ya kompyuta inapewa hali ya bahari ya leo, inaachwa iendeshe dunia miezi kadhaa mbele. Halafu inarudishwa mwanzo, inabadilishwa kitu kidogo mno, inaendeshwa tena, na tena, makumi ya mara. Wanahesabu ni mara ngapi Kitui imepata mvua nyingi. Bahari ikiwa imeegemea upande mmoja, majibu yanakusanyika upande huo. Bahari ikiwa katikati, majibu yanatawanyika na unapewa 35, 35, 30, ambayo kwa lugha ya mtaani ni "hatujui". Nilikuwa naheshimu zaidi ofisi iliyokuwa na ujasiri wa kutoa 35, 35, 30 kuliko iliyotafuta namna ya kuonekana inajua.

Na utazame tarehe ya utabiri. Kauli kuhusu El Niño ya mwisho wa mwaka iliyotolewa Machi au Aprili ni dhaifu, Pasifiki huwa inabadilika sana kipindi hicho. Dipoli ndiyo kabisa, kabla ya Juni huna la kushika. Wataalamu wa nchi zetu hukutana chini ya ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha kanda yetu, Agosti kwa ajili ya mvua za Oktoba hadi Desemba, jukwaa hilo lipo tangu 1998, kisha kila nchi inatoa wa kwake kwa undani. Huo wa mwishoni mwa Agosti ndio wa kufanyia maamuzi. Wa mitandaoni wa mwezi wa nne ni wa kuuzia magazeti.

---

Songea Kwetu alijibu:

Bi Mawingu, sisi wa kusini tusio na vuli je? Mvua yetu moja, Novemba mpaka Aprili. Mwaka wa El Niño tunaambiwa mvua kubwa inakuja, ikifika wala hatuioni hiyo kubwa.

---

Bi Mawingu alijibu:

Ninyi mko kwenye mpaka wa mizani. Mwaka wa El Niño kaskazini mwa Tanzania na Kenya hupata mvua nyingi mwishoni mwa mwaka, na nchi za kusini mwa Afrika, Zimbabwe na jirani zake, huelekea kukauka Desemba hadi Februari. Ruvuma imekaa katikati, mwaka mmoja inavutwa huku, mwaka mwingine kule. Tangazo la "El Niño, mvua kubwa Tanzania" kwenu halina maana. Fuata utabiri wa mkoa wako wa mvua za msimu, usiazime wa Kilimanjaro.

---

Shamba la Bondeni aliandika:

Nashukuru sana mama, na wote mliochangia. Sasa nimeelewa 2015 na 2019 zilinipitaje.

Bado mawili. Masika nayo inatabirika kwa njia hii? Maana 2019 hiyohiyo masika ilichelewa mpaka tukakata tamaa, na 2024 Rufiji ilizama mwezi wa nne. Na dipoli ikishaonekana Agosti, mimi wa bondeni nifanye nini hasa?

---

Bi Mawingu alijibu:

Masika ni mtoto mwingine kabisa, na ukweli huu haupendwi. Dipoli hufa Desemba, upepo unapogeuka kuwa kaskazi. Ikifika Machi haipo. El Niño nayo huwa inazimika. Ndipo mvua inabaki mikononi mwa vitu vya muda mfupi, kama lile kundi la mawingu linalozunguka dunia juu ya ikweta kuelekea mashariki kwa siku 30 hadi 60. Likipita kwetu inanyesha, likivuka inakata. Vimbunga navyo vinaingilia. Machi 2019 Kimbunga Idai kilikuwa Msumbiji kikivuta unyevu wote kwake, na masika yetu ikachelewa kama ulivyoona. Na mvua za Aprili 2024, watu wengi waliziita El Niño, lakini wachunguzi walipopima hawakuona mkono wa El Niño wala wa dipoli katika mvua zile za Machi hadi Mei. Kwa hiyo masika, utabiri wa msimu usome kwa jicho moja, na ule wa siku kumi kwa macho mawili.

La pili. Dipoli chanya ikiwa imekaa sawasawa mwishoni mwa Agosti, na utabiri wa taifa umeegemea juu ya wastani, mimi ningelikuwa na shamba lako ningefanya hivi. Sehemu ya chini kabisa, inayofikiwa na mto kwanza, usiweke mahindi. Mahindi peleka kwenye ngazi ya kati na kule juu kwenye changarawe, ambako mwaka wa mvua nyingi ndiko kutakakolipa. Bondeni, kama roho inakuuma kuacha tupu kama 2015, weka kitu cha gharama ndogo usichokililia kikienda. Mifereji izibuliwe Septemba, Oktoba umechelewa. Maharage hayapendi miguu ikae majini, yapandishe matuta marefu na uchelewe kidogo. Mifugo ichanjwe homa ya bonde la ufa mapema, kwa sababu chanjo haina kazi mbu wakishatoka. Mlipuko wa 1997 na 1998 ulifuata mvua, na wa 2006 na 2007 pia, ambayo ilikuwa vuli ya dipoli chanya vilevile.

Dipoli ikiwa hasi, geuza kila kitu: bondeni ndiko kwenye chakula, na kule juu usiweke mbegu ya kununua.

Ikiwa haiko popote, basi lima kama kawaida yako, na usimruhusu mtu akutishe na neno El Niño peke yake.

---

Shamba la Bondeni aliandika:

Pampu mwaka huu inapandishwa juu kabla ya Oktoba, hilo nimeshaamua hata kabla ya kuona ramani. Umesema dipoli hufa Desemba. Ina maana mvua nayo inakatika hapohapo? Maana mahindi yangu ya vuli yanakauka Januari na mvua ikiyakuta shambani yanaota yakiwa kwenye gunzi.

---

Bi Mawingu alijibu:

Mara nyingi inapungua haraka, lakini usiifanye kuwa kanuni. 1997 mvua ziliendelea mpaka Januari 1998, kwa sababu Bahari ya Hindi ya magharibi ilibaki na joto hata baada ya upande wa Sumatra kurudi kawaida. Kwa hiyo Desemba acha kufuatilia ile tofauti ya maeneo mawili, angalia joto la upande wetu tu. Likiwa bado juu kwa nyuzi 1 hivi, vuna mahindi yakishakomaa hata kama hayajakauka vizuri, ukayaanike nyumbani kwenye kichanja chenye paa.

Ramani za tofauti ya joto la bahari zinatolewa bure kila wiki na NOAA ya Marekani na idara ya hali ya hewa ya Australia. Nyekundu ni juu ya wastani, bluu ni chini. Itazame kuanzia Julai, wiki moja isikushtue, lakini ukiona bluu imeng'ang'ania Sumatra wiki nne tano na nyekundu imetanda huku kwetu, njoo uiweke hapa tuiangalie wote.